Mabwana, Mabibi au Ndege Wawili? Mvutano wa majina katika dansi ya kontra

Kumbi za dansi ya kontra nchini Marekani zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19. Zilipofunguliwa tena, wengi waliorejea walikuta wachezaji hawaitwi tena mabwana na mabibi. Wanaitwa kwa majina ya ndege, "larks" na "robins". Mkanganyiko ukaanzia hapo. Wapo walioamini kwamba sasa mke na mume hawaruhusiwi kucheza pamoja. Wapo waliodhani kila mtu atalazimishwa kubadili nafasi, apende asipende. Wengine waliliona jambo zima kuwa tawi tu la ugomvi wa kisiasa wa Marekani kuhusu jinsia, wakalikumbatia au kulisusa kwa sababu hiyo, bila kuuliza neno lenyewe lina kazi gani ukumbini. Hata upande wa wanaounga mkono mabadiliko haukosi walioteleza: wanadhani jina likishabadilika, ukumbi umekwisha kuwa wa haki.

Ndani ya mvutano huu yamo maswali mawili ambayo watu huyafanya moja. La kwanza ni nani acheze nafasi gani. La pili ni nafasi hiyo iitwe nini. Mtu anaweza kulijibu la kwanza kwa uhuru kamili na bado akashikilia majina ya zamani. Ukumbi nao unaweza kubadili majina yote huku kila mwanamume akiendelea kusimama kushoto kama alivyosimama babu yake. Makala haya yanahusu zaidi swali la pili, kwa sababu ndilo linalozozaniwa kwa sauti kubwa na kuelezwa kwa uvivu mkubwa.

Dansi yenyewe inavyokwenda

Kontra huchezwa katika mistari mirefu. Jozi husimama zikielekeana, na kila jozi mbili hufanya kundi la watu wanne. Muziki hupigwa papo hapo, kwa kawaida fidla na piano, na wimbo una mapigo 64. Katika mapigo hayo wale wanne hucheza mfuatano mmoja wa hatua, kisha kila jozi husogea ikutane na jozi nyingine, na mfuatano huanza upya. Mzunguko mmoja huchukua takribani nusu dakika. Kwa hiyo kila mtu ana mwenzi mmoja wa kudumu na majirani wanaobadilika, na dansi inapokwisha amekwisha kucheza na watu wengi wa mstari wake.

Jukwaani husimama mwitaji. Hufundisha mfuatano kabla muziki haujaanza, kisha hutaja kila hatua mapigo machache kabla ya kuchezwa, na wachezaji wakishazoea hunyamaza. Neno lake lina nafasi finyu mno: silabi tatu au nne, zisikike juu ya fidla, zieleweke na mtu aliyeingia ukumbini jioni hiyo kwa mara ya kwanza maishani.

Nafasi mbili za jozi hazitofautiani kiasi ambacho wengi hudhani. Tofauti kubwa ni upande. Jozi inapomaliza swingi, yaani kule kuzunguka wakiwa wameshikana kama wacheza waltz, mmoja hufunguka kushoto na mwenzake kulia. Aliye kulia ndiye huvuka katika hatua iitwayo mnyororo wa mabibi. Wawili walio kulia, mmoja wa kila upande, hupeana mikono ya kulia katikati, hupishana, na kila mmoja hupokewa ng'ambo na aliyebaki kushoto, ambaye humzungusha mpaka wote wawili waelekee ndani. Ukifunguka upande usio wako mwisho wa swingi, hatua inayofuata inakukuta mahali pa mtu mwingine, na kosa hilo huambukiza jozi jirani.

Kilichobaki ni mambo madogo: mkono gani uwekwe mgongoni, nani ainue mkono ili mwenzake ajizungushe chini yake. Hakuna anayeongoza kwa maana ya tango au rumba. Kiongozi ni mwitaji, na kila mchezaji anajua aendako.

Majina yalikotoka

Ukoo wa kontra unaanzia Uingereza. John Playford alipochapisha kitabu chake cha dansi London mwaka 1651, maelekezo yake tayari yaliwagawa wachezaji kuwa wanaume na wanawake. Dansi hizo zilipitia Ufaransa, zikarudi, zikavuka bahari hadi makoloni. Mwaka 1788 mwalimu wa dansi John Griffiths alitoa mkusanyo wake huko Providence, Rhode Island, na New England ikawa makao makuu ya kontra hadi leo.

Kuitana bwana na bibi kulikuwa adabu ya sebuleni. Ukumbi wa karne ya 18 na 19 ulikuwa pia mahali pa kuchagua mchumba, vijana wakiangaliana mbele ya wazazi wao. Hivyo neno moja lilibeba mizigo mitatu kwa pamoja: lilimwambia mtu asimame upande gani, atende kwa mwenendo gani, na anahesabiwa kuwa nani katika jamii. Mizigo hiyo ilikuwa myepesi kubebwa pamoja maadamu hakuna aliyetaka kuitenganisha.

Wanaotetea majina haya kwa jina la desturi husahau kwamba desturi yenyewe imefufuliwa mara kadhaa, na kila mara na mtu mwenye lake moyoni. Katika miaka ya 1920 Henry Ford, tajiri wa magari, alitumia fedha na ushawishi wake kueneza dansi za kizamani, na mwaka 1926 akatoa kitabu cha kuzifundisha pamoja na adabu za bwana na bibi. Alikuwa anapambana na jazi, muziki alioudharau kwa sababu zisizopendeza hata kidogo. Huko New Hampshire Ralph Page aliendelea kuita kwa miongo mingi kwa nia tofauti kabisa, kuendeleza burudani ya vijiji vyake. Kisha Dudley Laufman, katika miaka ya 1960 na 1970, akawavutia vijana wenye nywele ndefu waliokimbia miji, na hao ndio waliotawanya kontra Marekani nzima. Ukiuliza desturi ni ipi kati ya hizo tatu, jibu litategemea unamuuliza nani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwitaji Chris Ricciotti na wenzake wa New England walianzisha dansi za wazi kwa mashoga, wasagaji na yeyote aliyetaka kucheza bila kugawiwa kwa jinsia. Ukumbi wa Jamaica Plain, katika jiji la Boston, ukawa maarufu kwa hilo, na mtandao wa Lavender Country and Folk Dancers ukaibuka kuunganisha kumbi za aina hiyo. Kwa hiyo jambo ambalo waliorejea baada ya UVIKO-19 waliliona kuwa geni lilikuwa limeshajaribiwa pembeni kwa zaidi ya miaka 30.

Watunzi walivyolipa neno uzito

Hoja ya desturi ina udhaifu mwingine, na huu ni wa kiufundi. Chukua Chorus Jig, moja ya kontra kongwe zinazochezwa hadi leo. Katika mpangilio wake wa asili wanaume wote husimama mstari mmoja na wanawake mstari wa pili. Anayeiita huziita jozi tendaji, yaani ile jozi ya kwanza ya kila kundi: zishuke nje ya mistari na kurudi, zishuke katikati na kurudi, zipinduke kupita jozi moja, zizungushane na watu wa kona, wa kulia kwanza kisha wa kushoto, na mwisho swingi. Hakuna bwana wala bibi katika maelekezo hayo. Money Musk, kongwe nyingine inayopendwa na wakereketwa, nayo huenda kwa namna hiyo hiyo. Mtu alijulikana kwa namba ya jozi yake na mahali aliposimama. Ndiyo, mnyororo wa mabibi ni hatua ya zamani, ya tangu enzi za kadrili, lakini haukuwa umejaa kila dansi.

Kilichobadilika ni utunzi. Katika dansi kongwe jozi tendaji hucheza kwa nguvu huku nyingine zikisubiri zamu. Kizazi cha miaka ya 1970 na 1980 hakikutaka kusubiri. Watunzi kama Ted Sannella na Gene Hubert walitunga dansi ambazo kila mtu yumo kazini muda wote. Waliegemea mpangilio ambao jozi ya kwanza imebadilishana pande, ili kila mchezaji awe kando ya mtu wa nafasi nyingine. Waliegemea pia ule uitwao Becket, uliotokana na dansi ya Herbie Gaudreau, ambao wenzi husimama upande mmoja wa mstari. Swingi zikawa mbili kila mzunguko, moja na jirani na nyingine na mwenzi.

Hapo mwitaji akajikuta na tatizo jipya. Watu wawili wametoka kuzungushana, wamepoteza mwelekeo, hawana namba tofauti wala mstari tofauti wa kuwatambulisha, na ndani ya sekunde moja anatakiwa amwambie mmoja avuke na mwingine abaki. Neno la kuwatenganisha likawa halina budi kutumika, na likatumika mara kadhaa katika kila mfuatano. Wanaosema mabwana na mabibi ndiyo roho ya dansi ya kale wanatetea, bila kujua, mahitaji ya utunzi wa miaka 50 iliyopita.

Hili halimalizi ubishi. Kontra inayopendwa leo ni hiyo ya watunzi wapya, na watu hawatarudi kwenye kusubiri zamu. Lakini linaeleza kwa nini mvutano umekuwa mkali wakati huu na si mwaka 1890: neno linasikika mara nyingi mno kwa jioni moja kiasi kwamba asiyelipenda hawezi kulipuuza.

Wanaotaka majina ya zamani yabaki

Kambi hii ina watu wa aina mbili, na kuwachanganya ni kuwaonea.

Wa kwanza wanataka jina na nafasi vibaki vimefungwa kwa jinsia. Kwao dansi ni mahali pa mwanamume na mwanamke kukutana, na wanasema hivyo bila kuficha. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unajitosheleza. Jina linamaanisha kile linachosema, na mgeni akiambiwa "mabibi wavuke" anatazama mbele yake na kuona nani atamjia. Udhaifu wake nao ni wa wazi. Hesabu ya wanaume na wanawake ukumbini ni nadra ilingane, na wanawake wawili kucheza pamoja kwa kukosa wanaume ni jambo la tangu zamani. Msimamo huu unawataka ama wakae, ama wahesabiwe kuwa kasoro. Kwa mashoga, kwa waliobadili jinsia, na kwa wasiojihesabu upande wowote, mlango umefungwa.

Wa pili wanasema: mabwana na mabibi ni majina ya nafasi tu, yeyote acheze apendayo. Huu ndio uliokuwa msimamo wa kumbi nyingi kwa miongo kadhaa, na huonekana kuwa wa busara kwa kuwa haumnyimi mtu kitu wala haumfundishi mtu neno jipya. Dansi zote zilizoandikwa, kadi zote za waitaji na rekodi zote hubaki kutumika.

Mimi naona huo ndio msimamo dhaifu kuliko yote kimantiki, ingawa wenye kuushika ni wengi na wema. Thamani ya jina la kijinsia kwa mgeni ilikuwa kwamba linaonekana kwa macho. Pindi nafasi zinapokuwa huru, alama hiyo inaanza kudanganya. Mwitaji anasema "mabibi", na anayekuja mkono mbele ni mzee mwenye ndevu. Mgeni anasita, sekunde inapita, kundi zima linavunjika. Ukumbi umelipa gharama ya kuachia nafasi bila kupata faida ya kubadili jina, na bado unamwita mwanamke "bwana" usiku kucha akiwa hakuliomba jina hilo. Uhuru wa nafasi ndio uliovunja alama ya macho. Ndege hawakuwepo.

Majina mbadala

Ukumbi wa Jamaica Plain uliipa alama ya macho uzito tangu mwanzo. Wenye nafasi ya kushoto walifunga kitambaa mkononi, na majina yakawa ya waliofunga na wasiofunga. Ni suluhisho la kiungwana: jina jipya lilikuja na kitu cha kuonekana. Lakini vitambaa hupotea, hufunguka, na humfunga mtu katika nafasi moja dansi nzima. Isitoshe, kwa Kiingereza majina yenyewe, "bands" na "bares", yote huanza na sauti ile ile, na hiyo ni dosari mbaya kwa neno litakalosikika kupitia kipaza sauti kibovu. Wengine walisikia "bears", yaani dubu.

Kuita viongozi na wafuasi, kama wanavyofanya wacheza tango na lindy hop, kulipendekezwa na wengi kwa kuwa maneno yapo tayari. Hili ndilo pendekezo ambalo lingefaa kuachwa mapema zaidi. Linaeleza uongo juu ya dansi, maana katika kontra hakuna anayemfuata mwenzake. Mwanafunzi akiambiwa yeye ni mfuasi hungoja kuvutwa, na kontra humwadhibu anayengoja. Zaidi ya hayo, neno la kuongoza tayari linatumika katika hatua nyingine, jozi zinapoambiwa ziongozane kushuka ukumbini. Ukiondoa jinsia ukaweka utawala na utii, sioni umepata nini.

Majina ya vito, "jets" na "rubies", yalibuniwa kwa kufuata mlio wa "gents" na "ladies". Waitaji waliyapenda kwa sababu ulimi haukuhitaji mazoezi mapya, lakini ukaribu huo huo wa mlio ndio uliowaponza. Asiyesikia vizuri husikia neno la zamani, na aliyelikataa neno la zamani huona limevishwa joho tu.

Ndege walikuja katikati ya miaka ya 2010, kwanza wakiwa "larks" na "ravens". Hesabu yake ni nzuri. L ni ya kushoto na R ni ya kulia kwa Kiingereza, kwa hiyo jina lenyewe linafundisha upande, jambo ambalo bwana na bibi hawakuwahi kulifanya. La kwanza lina silabi moja na la pili mbili, sawasawa na yale ya zamani, hivyo yanaingia katika mapigo yale yale bila kumlazimisha mwitaji kupanga upya sentensi zake. Irabu zake hazifanani. Kisha ikaja hoja kwamba kunguru yule mkubwa ana nafasi takatifu kwa watu asilia wa pwani ya Kaskazini-Magharibi ya Amerika, na si vyema kumfanya jina la mchezo. Kumbi nyingi zikambadilisha kwa "robins", ndege mdogo asiye na ubishi, anayeanza na herufi ile ile.

Dosari zipo. "Larks" huanza na herufi ya "ladies" huku likitaja nafasi ya mabwana, na mchezaji wa miaka 30 huenda upande usio wake hasa akiwa amechoka. Mgeni anajifunza maneno mawili yasiyo na maana yoyote kwake kabla hajajifunza hatua hata moja. Na alama ya macho haipo kabisa, hata ile ya kudanganya. Anayevuka hajui nani atampokea mpaka aone mkono. Watetezi wa ndege hulipita jambo hili haraka mno. Wanasema mkono ulionyooshwa unatosha, na ni kweli kwa aliyecheza mwaka mmoja. Kwa aliyecheza dakika 20, uso na mavazi vilikuwa msaada wa kweli, na kumwondolea bila kumpa kingine ni kumwachia deni alilipe peke yake.

Inafaa kulinganisha na badiliko lingine la miaka hiyo hiyo. Kulikuwa na hatua ambayo wawili huzungukana wakitazamana bila kugusana, na jina lake lilikuwa lile ambalo Waromani wa Ulaya hulihesabu kuwa tusi. Sasa kumbi nyingi huiita mzunguko wa bega la kulia. Jina jipya linasema cha kufanya, la zamani halikusema. Ndiyo maana badiliko hilo, pamoja na kelele za mwanzo, lilikuwa rahisi zaidi kuliko la ndege: lilimpunguzia mgeni kazi badala ya kumwongezea.

Kuita bila jina lolote

Kambi ya tatu inasema tatizo si majina gani, ni kuwa na majina. Mwitaji na mwandishi Louise Siddons ameandika mwongozo mzima wa kuita kontra kwa mahali, uliotolewa na Country Dance and Song Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1915 kuendeleza dansi hizi. Katika dansi ya Kiingereza Brooke Friendly na Chris Sackett walishaonyesha njia kwa kutumia maneno kama mwenzi, jirani, jozi ya kwanza na watu wa kona. Badala ya "mabibi wavuke", mwitaji husema "walio kulia wavuke".

Uzuri wa njia hii hauko katika adabu tu. Inabadili maana ya kosa. Wenzi wakifunguka kinyume baada ya swingi yao, aliyejikuta kulia anafanya kazi ya kulia na dansi inaendelea, kwa kuwa hakuna jina linalomdai arudi mahali pake. Watu wanaweza kubadilishana nafasi katikati ya dansi bila kumsumbua yeyote. Na ndiyo njia iliyo karibu zaidi na jinsi Chorus Jig ilivyoitwa siku zote. Wanamapinduzi wamejikuta upande wa wazee bila kukusudia.

Gharama yake humwangukia mwitaji. Dansi ya Kiingereza huwaacha watu karibu na mahali pao, kwa hiyo kona hubaki kona. Kontra ya kisasa inawachanganya kwa swingi, na mwitaji lazima ajue kila wakati nani yuko wapi, tena apate neno fupi la kumtaja. Baadhi ya mifuatano hutajika kwa urahisi. Mingine inazaa sentensi ndefu kuliko mapigo yaliyopo. Mwitaji mzoefu huchagua dansi zinazokubali. Anayeanza, aliyeazima kadi za mtu, atakwama katikati ya wimbo mbele ya watu 100.

Kwa nini jirani zao hawakubadili

Sehemu iliyonivutia zaidi katika suala hili ni tofauti kati ya kontra na dansi ya mraba ya kisasa. Vilabu vya mashoga na wasagaji vya dansi ya mraba vina shirikisho lao tangu mwaka 1983, na wangekuwa wa kwanza kutarajiwa kufuta majina ya kijinsia. Kwa jumla hawakufuta. Wavulana na wasichana wamebaki kuwa majina ya nafasi, na mtu huchagua awe nani jioni hiyo.

Sababu ni ya kitaasisi. Dansi ya mraba ina Callerlab, chama cha waitaji chenye orodha rasmi za hatua na ufafanuzi wake. Ujuzi wa mtu ni pasipoti inayokubalika klabu yoyote, na mwitaji yeyote aweza kualikwa popote. Kujitenga na msamiati huo kungewakata wachezaji hao na ulimwengu wote wa mraba. Nayo Callerlab, kwa njia ya kuchekesha kidogo, ina maneno rasmi ya aliye kushoto na aliye kulia bila kujali nani amekuja kama mvulana. Yamo katika ufafanuzi, mwitaji huyatumia inapobidi.

Kontra haina bunge. Chama cha mwaka 1915 huhudumia, hakitawali. Kila ukumbi una kamati yake ndogo inayokodi jengo, inayoalika bendi na mwitaji, na kamati hiyo ikiamua ndege, mwitaji anayetaka kazi ataita ndege. Ndiyo maana badiliko lilipita haraka hivyo. Kufungwa kwa kumbi kuliongeza mwendo: hakukuwa na jioni ya kuvuruga, kamati zilikuwa na muda wa kujadili, na kufungua upya kulitoa nafasi ya kuanza na msamiati mpya bila kumbadilishia mtu kanuni katikati ya msimu. Lakini ukosefu wa bunge una upande wake mchungu. Mwitaji anayesafiri hubeba misamiati mitatu kichwani, na mchezaji anayehama mji hujifunza upya. Na waliopinga hawakupata mahali pa kukata rufaa. Wengine waliacha kuja kimya kimya, na mgomo wa kimya ni mgumu kuujibu.

Mizani

Ukumbi unaoishi kwa wageni, kama zilivyo nyingi za mijini, hauna sababu nzuri ya kubaki na msimamo wa katikati, wa nafasi huru na majina ya zamani. Ndege wanaufaa zaidi, kwa sababu jina linabeba upande na linakaa katika mapigo. Lakini somo la mwanzo lazima lilipe lile deni la alama ya macho: watu wafundishwe kutafuta mkono, wafundishwe kufunguka kwa kujiuliza nani yuko kulia, waambiwe waziwazi kwamba mke na mume wanaweza kucheza pamoja na kwamba mtu anaweza kushika nafasi moja usiku kucha. Nusu ya hasira iliyosikika ilitokana na mambo hayo mawili ya mwisho kutosemwa.

Ukumbi mdogo wa kijijini ambao watu wake wanajuana kwa majina, wanacheza nafasi zozote wapendazo, na hakuna aliyelalamika, hauna haraka hiyo. Mazoea yao yanawafanyia kazi ambayo jina halifanyi. Wasiloweza kudai ni kwamba wanalinda kitu cha karne ya 18. Na siku akiingia mtu ambaye kuitwa bibi kunamuumiza, gharama itakuwa imebadilika na hesabu itabidi ipigwe upya.

Kuhusu kuita kwa mahali, naona hiyo ndiyo njia bora kwa dansi yenyewe, na ngumu zaidi kuieneza kwa sasa. Kikwazo hakiko kwa wachezaji. Kiko katika dansi zilizopo, zilizotungwa na watu waliokuwa na hakika kwamba mwitaji atakuwa na maneno mawili mafupi ya kuwatenganisha wenzi. Watunzi walioufanya ugawaji huo kuwa mzito katika miaka ya 1970 waliufanya kwa kalamu. Wa leo wanaweza kutunga mfuatano ambao wawili wa jozi hufanya kazi ile ile, au ambao mahali panajitaja penyewe, bila kurudisha kusubiri zamu. Dansi za namna hiyo zikiongezeka katika kadi za waitaji, mabishano juu ya ndege yatapungua kwa kukosa nafasi ya kuwataja. Zisipoongezeka, kila kamati mpya itaendelea kuamua upya, na kila mwitaji msafiri atauliza kwenye simu, kabla hata ya kuuliza malipo, huko kwenu mnasemaje.